Tochi Niliyoifuta Mlimani

Siku hiyo ilianza kama nyingine zote. Nilifungua studio saa mbili asubuhi, nikapiga picha sita za vitambulisho, nikamwondolea bibi harusi mmoja chunusi na shangazi yake kidevu cha pili, kisha nikakaa kwenye kompyuta kuendelea na milima ya shemeji. Nilikuwa nimechoka. Nalisema mapema ili usije ukaniuliza mbona sikutumia akili. Akili ilikuwepo, macho ndiyo yalikuwa yamekwisha.

Shemeji, mume wa dada yangu, tulimwita Popo kwa sababu alilala mchana na kufanya kazi usiku. Alikuwa akienda nyikani, mbali na taa za watu, anasimamisha kamera kwenye stendi ikitazama mlima, na kuiacha ijipigie yenyewe picha moja kila nusu dakika, tangu giza hadi alfajiri. Yeye anashuka kulala garini. Hizo ni picha zaidi ya elfu moja kwa usiku mmoja. Ukiziunganisha unapata filamu isiyofika hata dakika, nyota zikizunguka juu ya mlima na mawingu yakikimbia kama yamefukuzwa. Watu huitazama wakasahau kufunga mdomo. Hawaulizi nani kaisafisha.

Niliyeisafisha ni mimi. Ndege ikipita angani huacha mstari, gari la mbali huacha doa, na shemeji hakutaka hata kimoja. Kwa hiyo nilichukua kipande cha mlima kilicho jirani, nikakibandika juu ya taa, na taa ikawa haipo. Picha moja baada ya nyingine, hadi shingo inakufa ganzi. Kompyuta yangu ilikuwa imejaa, basi kila niliyoimaliza niliihifadhi juu ya ile ya asili. Nakala sikuweka.

Siku hiyo nilikuwa na kadi ya kwanza ya kamera, kutoka mlima mmoja aliokuwa akiupiga kila wiki, na humo niliona mwanga mwekundu karibu na kilele, mdogo kama punje ya mtama. Picha iliyofuata ulikuwa umeshuka kidogo. Iliyofuata, kidogo tena. Nikampigia shemeji.

"Ulipita na ile tochi yako nyekundu mbele ya kamera?"

"Nililala garini tangu saa mbili," akasema. "Futa tu."

Nikafuta. Zilinichukua siku mbili.

Kadi ya pili ilikuwa ya wiki iliyofuata. Mwanga ulikuwepo. Haukuanzia kileleni. Ulianzia palepale ulipokuwa umeishia wiki iliyopita, katikati ya mteremko, chini ya jiwe lenye ufa. Nilijiambia ni wawindaji. Mtu aliyechoka haishiwi sababu. Nikafuta na hizo.

Kadi ya tatu shemeji aliileta mwenyewe, kisha akajinyoosha kwenye benchi la wateja, akalala na viatu vyake. Safari hii mwanga ulikuwa karibu, na nyuma yake palikuwa na mtu.

Katika picha za namna hii kamera hufumbua jicho sekunde ishirini nzima. Mtu anayetembea hutoka kama moshi. Huyu alitoka wazi, mpaka vifungo vya koti. Maana yake kila kamera ilipofumbua jicho, yeye alisimama tuli akiitazama. Ilipofumba, akasogea hatua.

Nikaikuza picha. Koti lilikuwa la kijivu. Kiwiko cha kushoto kilikuwa na kiraka cha kahawia, kilichoshonwa kwa uzi mweupe kwa sababu siku hiyo dada alikosa wa rangi. Niligeuka kutazama benchi. Koti lilelile lilikuwa limemfunika shemeji, na shemeji alikuwa anakoroma.

Nilimwamsha. Nilijikuta nanong'ona ndani ya studio yangu mwenyewe, mchana kweupe.

"Shemeji, huyu ni wewe."

Alitazama kwa muda mrefu. Katika picha za mwisho yule mtu alikuwa ameinua mikono yote miwili, kama anayesimamisha gari barabarani. Shemeji alijikuna shingo.

"Mimi nilikuwa garini," akasema polepole. "Umebaki usiku mmoja tu, kisha kazi imekwisha. Watu wanataka nyota, hawanitaki mimi. Futa."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumficha funguo za gari. Nilikunywa kahawa, nikakaa, nikamfuta mume wa dada yangu kuanzia viatu hadi viganja. Nilipomaliza nilisikia nafuu, na hiyo nafuu ndiyo inayoniumiza mpaka leo.

Alikwenda usiku wa mwisho. Hakurudi.

Askari wa hifadhi walilikuta gari limefungwa na blanketi limekunjwa. Kamera ilikuwa bado inapiga picha saa nne asubuhi, jua likiwa kali. Mlima ule una pande tatu za kushukia, na watu wa kutafuta walikuwa wachache. Mkubwa wao aliniletea kadi kwa pikipiki, akaniambia nimpigie simu nikiiona tochi, wajue waelekee upande gani. Maji hayakai siku nyingi kwenye chupa, akasema.

Dada alikuja, akakaa nyuma yangu na mkoba wake mapajani. Tukafungua picha moja moja.

Hapakuwa na tochi. Picha mia moja, mia tano, elfu. Mlima ulikuwa mweusi na msafi.

"Rudia," dada akanong'ona.

Nikarudia. Ndipo nikaona jiwe lenye ufa. Lilikuwa mara mbili. Jiwe lilelile, ufa uleule, limebandikwa juu ya ubavu wa mlima mahali ambapo halikuwepo. Picha iliyofuata kichaka kilikuwa mara mbili, chini kidogo. Kisha jiwe jingine. Viraka viliteremka mlimani hatua kwa hatua, na kila kimoja kilikuwa kikubwa kuliko kilichotangulia. Katika picha ya mwisho kabla ya kukucha, kiraka kilikuwa na kimo cha mtu. Kilisimama mbele ya kamera.

Kadi ile ilikuwa haijawahi kuingia kwenye kompyuta yoyote. Lakini namna ya kubandika ilikuwa ya mkono wangu, na mkono wangu naujua.

Nilimpigia yule askari. Nikamwambia shemeji alishuka upande wa mbele, akafika hadi kwenye kamera.

Alijibu kwa sauti ya chini. "Ni kweli. Nyayo zake zipo. Zimekuja mpaka kwenye miguu ya stendi. Za kuondoka ndizo tunazozitafuta."

Walitafuta siku kumi na mbili.

Dada hakulia mbele yangu. Nilimweleza yote, kuanzia ile punje ya mtama. Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya kile kiraka kirefu.

"Mrudishe," akasema. "Fundi si ni wewe, mdogo wangu?"

Ni mwaka wa tatu sasa. Wateja wamehamia studio ya jirani, na siwalaumu. Kila jioni dada huja na chupa ya chai, anakaa palepale, anauliza nimefika wapi. Naondoa kiraka, chini yake nakuta kiraka kingine. Naondoa na hicho. Nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, lakini sina uso wa kumwambia basi.

Juzi, chini ya kiraka cha kumi na tisa, kioo kiliwaka wekundu. Tukaona kiwiko cha koti, uzi mweupe, mkono ulioinuliwa. Dada alinishika bega. Halafu jiwe likaanza kurudi, kipande kwa kipande, likaanzia kiwikoni likapanda hadi viganjani, taratibu, kazi safi kabisa.

"Usimfute," dada akanong'ona. "Nakuomba, usimfute."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kikombe.