Dau la Simba Mzee

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia karakana ya mama yake. Jina hilo alipewa na babu yake, na halikuhitaji maelezo: mtoto alianza kuongea kabla hajashuka kitandani, na hakunyamaza mpaka usingizi ulipomnyang'anya maneno. Alifagia huku akisema na ufagio, na meza ya kazi, na paka aliyelala juu ya gunia la maranda. Mama yake, fundi seremala aliyejulikana mtaa mzima, alinoa patasi zake na kuitikia "mm" kila baada ya sentensi tano.

Siku hizo maranda ya kufagia yalikuwa machache. Mashine ya kuranda, ile inayolainisha mbao, ilikuwa imeungua mota, na fundi umeme aliyekuja kuitazama alitikisa kichwa tu na kufunga mkoba wake. Mama akarudi kwenye randa ya mkono. Kazi ambayo mashine ingeimaliza kabla chai haijapoa sasa ilimchukua kutwa nzima, na jioni mabega yalimuuma hata akashindwa kuepua sufuria.

Na hapo ndipo kazi kubwa ilipobisha hodi. Shule aliyokuwa akisoma Chiriku ilimwagiza mama madawati ya madarasa mawili, na yalitakiwa yawe tayari muhula mpya ukifunguliwa. Hakuwahi kupata kazi kubwa namna ile. Akiba yake ilitosha kununua mbao na mashine iliyotumika, si zaidi. Mashine mpya ilikuwa haishikiki kwa bei. Ikabaki njia moja, mnada wa mtandaoni, ambako viwanda na mafundi huuza vifaa vyao vya zamani. Kila anayetaka huweka dau kwa simu yake, na saa ya kufunga ikifika, mwenye dau kubwa ndiye mshindi.

Kila alasiri Chiriku alipomaliza kazi za shule, yeye na mama waliinamia simu moja.

"Usitazame rangi," mama alimfundisha. "Rangi hupakwa. Tazama kama meza ya mashine imepinda, tazama waya, halafu uliza kama inawaka. Asiyekuonyesha inawaka, anakuuzia chuma chakavu."

"Na hii je, Mama? Imeandikwa haijatumika sana."

"Ona kutu hiyo. Haijatumika sana tangu iliponyeshewa."

Chiriku alicheka mpaka paka akahama. Mama akaendelea, "Na kabla hujaweka dau, jiwekee kikomo. Hesabu na nauli ya lori. Ukifika kikomo chako, funga simu ukapike. Mnada una ulevi wake, mwanangu."

Mara tatu walijaribu, mara tatu wakapitwa na wenye mifuko minene. Kisha siku moja wakaiona mashine yenyewe. Kiwanda cha samani kilikuwa kinaiuza kwa sababu kilinunua kubwa zaidi. Kulikuwa na video yake ikiranda ubao mpana, na sauti yake ilinguruma sawasawa bila kukwama. Mama aliitazama video ile mara nyingi kuliko alivyotaka kukiri. Mwishowe akashusha pumzi.

"Kitu kizuri namna hii watakigombania. Tuachane nayo. Sitaki kujipa moyo nivunjike tena."

Chiriku aliumia kumwona mama amekata tamaa. Aliyeumia zaidi alikuwa babu, baba mzazi wa mama, fundi mstaafu ambaye ndiye aliyemfundisha binti yake kushika msumeno. Kesho yake alimwita mjukuu wake chumbani na kufunga mlango.

"Fundi baiskeli wa jirani anaililia baiskeli yangu miaka yote," alinong'ona. "Nitamwuzia. Hela yake tutaiwekea dau ile mashine, tumshtukize mama yako. Lakini ulimi wako, mjukuu wangu, ufunge kamba."

Chiriku aliruka kwa furaha. Palepale akamsajili babu kwenye mnada kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Kila mshindani alitakiwa kuchagua jina la kuchezea, na babu hakufikiri mara mbili.

"Andika Simba Mzee."

"Mbona Simba, Babu?"

"Ulitaka niitwe Sungura?"

Jumamosi alasiri mnada ulifikia saa yake ya mwisho. Mama alisema ana hesabu zake karakanani, asisumbuliwe na mtu. Babu na Chiriku walitazamana kwa furaha: bahati iliyoje! Wakajifungia chumbani, wakaketi kitandani, simu katikati.

Washindani walikuwa watatu tu: Simba Mzee, mmoja aliyejiita Fundi Haraka, na mwingine aliyejiita Msumari. Fundi Haraka alipandisha dau mara chache, akaona moto, akaondoka. Wakabaki wawili. Simba Mzee akiongeza, Msumari naye anaongeza. Simba akisubiri, Msumari anasubiri. Simba akirudi, Msumari yumo.

"Babu," Chiriku alisema, "tumefika kikomo. Baiskeli imekwisha."

"Ongeza."

"Hata kengele yake imekwisha, Babu!"

"Huyu Msumari ana kiburi. Lazima apate adabu. Ongeza!"

Chiriku aliyakumbuka maneno ya mama kuhusu kikomo. Lakini moyo wake nao ulikuwa unapiga kama ngoma, na kidole kilimwasha. Akaongeza. Msumari akajibu. Akaongeza tena. Kutoka karakanani ukasikika mshindo, kama mtu aliyepiga meza kwa ngumi.

"Mama naona kajigonga," Chiriku alisema bila kuinua macho.

Waliendelea hivyo, dau baada ya dau, mpaka saa ikafunga. Mshindi akatangazwa kwenye kioo: Msumari. Babu akajilaza chali kitandani. Alikuwa na uchungu wa kushindwa, lakini pia ahueni kubwa, maana hela za dau lile la mwisho hakuwa nazo, wala hakujua angezitoa wapi.

Kabla hajainuka, mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Mama aliingia akipiga vigelegele.

"Nimeipata! Ile mashine ya kiwandani, nimeipata! Sikuwaambia, nilitaka niwashtukize!" Alimkumbatia Chiriku, akamkumbatia baba yake, akacheza kidogo pale mlangoni. Halafu uso ukabadilika. "Lakini kuna zee moja, sijui limetokea wapi, linajiita Simba Mzee. Limenipandishia bei mpaka nimekula na hela ya mbao. Mtu hana haya! Huyo hana hata watoto!"

"Pengine anao," babu alisema kwa sauti ndogo.

Chiriku alimtazama babu, na babu, nyuma ya mgongo wa mama, akaweka kidole mdomoni.

Jioni ile mama alikaa mezani akijaribu kufurahi. "Mashine ninayo, mbao sina," alisema. "Jumatatu tukitoka kuichukua, itabidi nimwambie mwalimu mkuu amtafute fundi mwingine wa madawati. Basi. Kazi nyingine zitakuja." Alitabasamu, lakini macho hayakutabasamu. Chiriku alikula bila kusema neno hata moja. Mama akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akidhani ana homa.

Baadaye, walipokuwa wanaosha vyombo, babu alimnong'oneza, "Maji yameshamwagika, mjukuu wangu. Hela ya baiskeli haifiki hata nusu ya mbao, na tukisema tutamwongezea uchungu tu." Chiriku alitaka sana kumwamini. Lakini kila alipofumba macho, aliwaona wanafunzi wenzake wamekalia madawati ya fundi mwingine, na mama yake akijua fika kwamba kazi ile ilikuwa yake.

Jumatatu, kwa kuwa shule zilikuwa zimeshafungwa kwa likizo, wote watatu walipanda lori la kukodi mpaka kiwandani. Mwenye kiwanda alikuwa mwanamke mfupi mwenye penseli nyuma ya sikio. Alimwamkia babu "shikamoo", akawaongoza mpaka kwenye mashine, akaiwasha, akapitisha kipande cha ubao. Upande wa pili kilitoka laini kabisa. Mama alikishika kwa mikono miwili, na Chiriku aliona jinsi furaha na huzuni zinavyoweza kukaa pamoja katika uso mmoja.

"Haya," mama alisema, akitoa simu yake. "Nikulipe."

"Mama, ngoja!"

Sauti ya Chiriku ilipaa juu ya kelele za kiwanda. Mwenye kiwanda akazima mashine. Babu akaanza kukagua viatu vyake.

"Simba Mzee ni sisi," Chiriku alisema.

"Sisi nani?"

"Mimi na Babu. Tulikuwa chumbani kwake. Tulitaka kukununulia hiyo mashine, tukushtukize. Tulipofika kikomo nilijua, lakini nikaendelea kubonyeza. Na Jumamosi uliposema, nilijua, na nikanyamaza. Nisamehe, Mama." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini kifua kilikuwa kimekuwa chepesi.

Mama alimgeukia baba yake polepole. "Baba?"

"Nilikuwa nauza baiskeli," babu alisema. "Halafu huyo Msumari akanipandisha hasira."

"Msumari ni mimi, Baba!"

"Nilipaswa kujua. Mtu mkaidi kiasi kile angezaliwa na nani mwingine?"

Mwenye kiwanda akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishikiza kwenye rundo la mbao, penseli ikaanguka, na wafanyakazi wake wakasogea kuona kulikoni. Mama alijaribu kubaki amekasirika, akashindwa, naye akacheka huku akijifuta macho. Hata hivyo alipotulia, alirudisha macho kwenye simu yake.

"Samahani, dada. Hayo ni ya nyumbani kwetu, tutayamaliza nyumbani. Nilishinda kwa dau langu, na ahadi ni deni."

"Subiri kwanza," mwenye kiwanda alisema. Akafungua simu yake, akapitia madau ya mnada ule, moja moja. "Kuna wauzaji wanaowatuma ndugu zao kupandisha bei kwa hila, wawanyonye wanunuzi. Ninyi mmejinyonya wenyewe! Sijawahi kuona. Mshindani wenu wa kweli alikuwa huyu Fundi Haraka, na aliachia hapa. Ongeza hatua moja juu ya dau lake. Hiyo ndiyo bei yangu."

"Lakini sheria ya mnada..."

"Wahenga wamesema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mimi si kunguru. Huyu mtoto angenyamaza, ningepokea hela zako zote na kulala usingizi wangu, maana nisingejua kitu. Sasa amesema, na siwezi kujifanya sikusikia." Aliokota penseli yake, akairudisha nyuma ya sikio. "Lipa upesi, dada, nina kabati la watu linanisubiri."

Mama alilipa. Hela iliyobaki ilitosha mbao, zote, na gundi juu yake. Njiani babu aliimba, dereva akamsihi aache, babu akaimba zaidi, na Chiriku akazungumza maneno yote ya zile siku mbili alizokuwa amenyamaza.

Kuanzia siku hiyo karakana ilifurika maranda. Mashine iliranda, mama akakata na kuunga, babu akapiga msasa, Chiriku akapanga miguu ya madawati kwa mistari huku akisimulia habari asizoulizwa. Walifanya kazi kwa bidii, na walifanya kwa raha. Muhula ulipokaribia, lori lilelile lilipeleka madawati yote shuleni, na dawati la mwisho lilipowekwa mahali pake, mama aliwatazama baba yake na binti yake, akaelekeza kidole dawati la mbele.

"Kaeni hapo wote wawili."

Wakakaa, babu magoti yakiwa karibu na kidevu. Mama akasimama mbele ya ubao wa darasa kama mwalimu.

"Sikilizeni. Kunishtukiza si kosa, nia yenu ilikuwa njema. Lakini sisi watatu tulikuwa na shida moja, na kila mmoja akajifungia na siri yake. Tungesemezana mezani, tusingepigana wenyewe kwa wenyewe. Hilo la kwanza. La pili, mwanangu, ulijua ukisema nitakasirika, na bado ukasema. Kosa likisemwa mapema hutengenezeka. Ungenyamaza, dawati hili lingekuwa la fundi mwingine, na mimi ningemchukia mpaka leo mtu anayenipenda kuliko wote. Usiache kusema kweli, hata ikikutetemesha."

"Ndiyo, Mama," Chiriku alisema.

Babu akanyoosha mkono juu. "Mwalimu, nina swali. Na yule aliyemfundisha mtoto asivuke kikomo, halafu yeye mwenyewe akakivuka mpaka na hela ya mbao, adhabu yake nini?"

Mama aliuma mdomo, akijaribu kuzuia kicheko.

"Huyo," alisema, "naye akakae na wenzake." Akaja akajibana ubavuni mwao, wakakaa watatu kwenye dawati la wawili.