Maneno Haya ni ya Nani?

Mwashi mmoja alikuwa na wake wawili katika ua mmoja. Nyumba zao zilitazamana, kisima katikati. Wake hao hawakusemezana. Mmoja akiteka maji, mwenzake alisubiri ndani mpaka aondoke. Nimetembea kwingi, lakini ua mkimya kama ule sijauona.

Siku ya kupima watoto, Bi Mdogo alifika zahanati na mdomo umevimba. Mhudumu wa afya, tuliyezoea kumwita Mama Mizani, alimtazama.

"Umepatwa na nini, mwanangu?"

"Nimejigonga mlangoni."

"Mh! Na mke mwenzio juzi kaniambia mlango. Milango ya kwenu ina mikono?"

Bi Mkubwa alikuwa nyuma kwenye foleni. Uvumilivu ukamwisha.

"Muulize huyo! Mume akitoka kwake tu, mimi napigwa. Si yeye anayepeleka maneno?"

"Mimi?" Bi Mdogo aligeuka. "Dada, mimi napigwa akitoka kwako! Anasema umemwambia mimi mvivu."

"Sijawahi! Mimi kaniambia umesema namroga mwanao."

"Haki ya Mungu, sijatamka!"

Mtoto aliyening'inia kwenye mizani akamkojolea Mama Mizani. Hakuna aliyecheka.

"Basi maneno haya ni ya nani?" aliuliza Mama Mizani, akijifuta.

Wake wakatazamana.

"Ni yake," Bi Mkubwa alisema polepole.

"Sikilizeni, wanangu. Kuoa wawili si ruhusa ya kupiga hata mmoja. Kumpiga mke ni kosa, si siri ya nyumba. Tibiweni hapa, daktari aandike majeraha. Kisha nendeni polisi pamoja. Kila mmoja ni shahidi wa mwenzake."

"Akinifukuza na watoto?" Bi Mdogo aliuliza. "Kwetu mbali."

"Kwetu ni ng'ambo ya mto tu," alisema Bi Mkubwa. "Tutabanana huko. Beba mtoto, twende."

Polisi walimwita mwashi. Alikuja kifua mbele. "Hawa ni wake zangu!"

"Wake zako, ndiyo," askari alimjibu. "Si matofali yako."

Kesi ilifika mahakamani. Mwashi akaamriwa ahame ua ule, awatunze watoto, wala asiwaguse mama zao.

Siku hizi ndoo mbili hufika kisimani pamoja. Mmoja anavuta kamba, mwingine anapokea. Na wanavyopiga soga! Siku ya kupima watoto huchelewa, mpaka Mama Mizani anawafokea.