Kikombe Tulichokizika Matiri

Gertruda si mtu niliyesimuliwa habari zake. Ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu Tarsisi, na nilikuwepo tangu mwanzo. Asiyeamini na asiamini, ila asije kwangu kunifundisha. Shule niliiacha mapema, kusoma nimejifunza mwenyewe, na jambo nalisema lilivyo.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Ulikuwa msimu wa kahawa, na kahawa haisubiri msiba. Tarsisi tulikuwa tumemzika muda si mrefu baada ya lori la mahindi kupinduka naye kwenye mteremko wa kwenda Mbamba Bay. Mimi na Gertruda tulikuwa kwenye vichanja vya kuanikia, tunachambua kahawa mbovu, tunawasema watu wa jumuiya.

"Huku kwenu Matiri mtu anagandishwa akiwa bado mzima," alisema Gertruda. Yeye ni wa Lipingo, ziwani, na baridi yetu hajawahi kuizoea.

"Basi rudi kwenu ukale usipa, dagaa wenu," nikamjibu. "Nani amekushika?"

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi kikakataa kuisha. Akashika nguzo ya kichanja, akainama, macho yakamtoka, midomo ikawa rangi ya majivu. Kahawa zikamwagika chini. Alipopata pumzi, alininong'oneza, "Wifi, kuna mtu ananiziba pua."

Hapakuwa na mtu. Tulikuwa wawili tu.

Ikawa hivyo. Atakaa mzima, halafu ghafla kikohozi na homa, anahangaikia pumzi kama aliyefungiwa ndani ya gunia. Zahanati walisema mafua. Mafua gani yanayompata mtu mmoja katika nyumba nzima, tena yanamwacha na kumrudia kama mtu anayetumwa dukani? Nikawaambia hivyo hivyo. Hawakupenda.

Nyumbani tulijua la kufanya. Katika ukoo wetu marehemu haachi kitu cha mwili wake juu ya ardhi. Kucha na nywele zake hufungwa kitambaa, zikaingia kaburini pamoja naye. Kikibaki kitu, hatulii. Anavuta mtu wa kumpelekea. Na wa kwanza kuvutwa ni mwenza wake.

Lakini Tarsisi nilimfungia kila kitu kwa mikono yangu. Kimebaki nini?

Jibu lilikuja lenyewe, limevaa koti la kijivu. Praygod, kijana wa maabara ya utafiti kule Mbinga mjini, alikuja kutoa pole. Tarsisi alikuwa mlinzi wao.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Keti."

Akaketi, akanywa chai, halafu akasema neno ambalo hakuna aliyemwomba. "Msilie sana. Kaka bado yupo kule kwetu. Anapumua."

Gertruda aliacha kukoroga uji.

Praygod akaeleza kwa furaha kabisa. Kabla ya ajali, Tarsisi na mkewe walikubali kupitishwa brashi ndogo puani. Hilo nilikuwa nalijua. Walirudi wakisifia soda. Nisilolijua ni kwamba ule ute una seli, na seli hizo wanazilea. Wanaziweka kwenye vikombe vidogo vya plastiki ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu. Chini wanazinywesha maji yenye lishe, juu wanaziachia hewa. Zinaota, zinakuwa njia ya hewa kamili, kama iliyo kooni mwako sasa hivi. Zinatoa hadi makamasi.

"Kwa kazi gani?" nikauliza.

"Tunazitia virusi vya mafua, dada, tuone vinavyoingia. Badala ya kumtia mtu."

"Mlizitia lini?"

Akataja siku. Ilikuwa siku ile ya vichanja. Nikamwuliza baada ya hapo, akataja nyingine, nayo ilikuwa siku aliyougua. Gertruda alikuwa ameshika shingo yake kwa mikono miwili.

Kesho yake nilikuwa Mbinga na jembe begani, maana nilikuwa nimepanga kuzika siku hiyo hiyo. Praygod alinitoa getini haraka, akanipitisha mlango wa nyuma. Akaweka kikombe chini ya darubini. "Tazama mwenyewe, dada, utaona si kitu cha kutisha."

Nilitazama. Niliona vinyweleo, vimesimama vimebanana kama ulezi shambani. Vyote vilikuwa vinapunga. Vinalala pamoja, vinainuka pamoja, na upepo haupo. Vinapunga kama mtu anayekuita.

"Nipe hicho."

"Dada, hairuhusiwi kutoka humu."

"Na kumtia maiti mafua kunaruhusiwa?"

"Alikubali mwenyewe akiwa hai."

"Akiwa hai, ndiyo! Sasa amekufa. Nenda kamwulize tena."

Nikapandisha sauti, watu wakaanza kuchungulia madirishani. "Nataka cha Tarsisi! Mke wake anakufa kwa ajili yenu, nyie watoto wa vioo!" Nikaliweka jembe juu ya meza yao nyeupe.

Praygod aliingia chumba cha ndani, akakawia. Aliporudi alikuwa na kikombe kilichozibwa, hakizidi kifuniko cha soda. "Hiki kisafi, hakijatiwa virusi," akasema. "Msinitaje." Hakunitazama usoni. Nilijua ana aibu, na nilifurahi kumwona ana aibu.

Tulikizika mchana, jua kali juu ya ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani, upande wa kifuani mwa kaburi. Kaka yetu mkubwa, Vitalis, alichimba. Gertruda akapiga magoti. Mimi nikasema maneno ya ukoo: "Chukua chako. Usirudi. Pumzi ya walio juu si yako." Nikatupa udongo wa kwanza.

Gertruda alikohoa.

Nikatupa wa pili. Kikohozi kikakatika katikati, kama redio iliyozimwa.

Alipona. Hivyo ndivyo tulivyosema: amepona. Tulichinja kuku. Alikula, alifua, alipanda na kushuka mlima na ndoo kichwani bila kuhema. Hakukohoa tena. Hakukoroma. Hakupiga chafya hata kwenye moshi wa jikoni. Vitalis alikuwa anamtania, "Shemeji, sasa umekuwa Mmatengo kweli, mlima hauusikii."

Mimi ndiye niliyeona.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito, tunamenya kahawa. Baridi ilikuwa kali, kila aliyefungua mdomo anatoa mvuke. Vitalis anatoa. Mimi natoa. Hata mbuzi anatoa.

Gertruda alikuwa anasimulia habari ndefu, anacheka. Mdomoni kwake hakukutoka kitu.

Nikamvuta nyuma ya nyumba. Nikamwekea kioo karibu na pua. Kikabaki kikavu. Nikaweka mkono kifuani. Moyo unapiga. Kifua hakipandi.

"Tangu lini?" nikanong'ona.

"Tangu mlipozika." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sivuti pumzi, wifi. Ila siishiwi. Na kooni nina udongo. Nikimeza, haushuki."

Nilimpigia Praygod. Mara ya kwanza alikata. Nikampigia tena, nikamwambia nakuja na jembe. Ndipo akasema.

"Zile za kaka zilishika ukungu, dada. Tulizichoma asubuhi ile, kabla hujaja."

"Sasa ulinipa nini?"

Nilisikia anavyohema. Yeye alikuwa anahema.

"Ulikuwa unapiga kelele, watu wanatazama. Nilitaka uondoke. Nikakupa za shemeji. Hata ulizotazama zilikuwa zake."

Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na simwombi radhi. Kwa nini hakusema? Neno moja tu: zimekufa. Ningelia, ningerudi nyumbani na jembe langu. Virusi, alikiri mwenyewe, walikuwa wakivitia kwenye vikombe vya wote wawili, vya mume na vya mke, kwa siku moja. Hakuna marehemu aliyekuwa anamvuta mtu. Gertruda alikuwa anaugua mwenyewe, ndani ya kabati, kule Mbinga. Na sisi tukamchukua, tukamwekea maneno ya maiti, tukamfukia.

Tulikwenda kufukua. Vitalis, mimi, na Gertruda. Alikaa pembeni ameegemea mti wa kahawa.

Jembe la kwanza likaingia. Gertruda akashtuka.

La pili. Akajikunja.

La tatu. Akalia, kilio bila hewa, mdomo wazi tu. Damu nyembamba ikamtoka puani. Ilikuwa imechanganyika na chembe za udongo mwekundu.

"Acheni," alisema. "Mnanikata."

Vitalis alitupa jembe. Nilichimba kwa vidole, taratibu, hadi pale tulipokiweka na zaidi. Kikombe hakikuwepo. Palikuwa na udongo laini, wenye unyevunyevu, wenye vuguvugu kama shavu la mtoto mwenye homa. Nilipougusa, Gertruda alipiga chafya.

Tukafukia. Tungefanya nini?

Padri alikuja, akaombea nyumba, akaondoka na ndizi. Praygod amehama Mbinga. Hakuna anayejua alikokwenda, na mimi namtafuta. Gertruda amerudi Lipingo kwa mama yake. Aliniambia mwenyewe sababu: "Kule ni joto, wifi. Hakuna atakayeona mdomo wangu." Ananipigia simu, tunaongea, anacheka. Anaongea bila kituo. Maneno yanatoka tu, kama maji ya bomba. Mimi ndiye ninayemwambia, "Pumzika." Kila tukiagana huniuliza jambo moja: kama kaburi halijajengewa saruji. Namwambia halijajengewa na halitajengewa nikiwa hai.

Maana pale, upande wa kifuani, pana vitundu viwili. Vidogo, vimekaribiana, kidole cha mwisho hakiingii. Vitalis alivifukia akidhani ni vya mchwa. Asubuhi vilikuwa wazi, na Gertruda alikuwa amepelekwa hospitali usiku ule, midomo ikiwa rangi ya majivu. Hatuvifukii tena. Naondoa majani kwa mkono, nafukuza kuku.

Leo asubuhi baridi ilikuwa kali. Mvuke ulikuwa unatoka pale chini, unakoma, unatoka. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja juu yake.

Ardhi ikavuta pumzi.