Sijaona wa Daftarini

Mkoba ulikatika mkanda katikati ya stendi ya Masasi, karatasi zikatapakaa miguuni mwa wauza korosho. Kijana mmoja mwenye shati la drafti alizikusanya huku akizisoma.

"Majina matupu, dada. Hawa wote wachumba wako?"

"Wote wamekufa," alijibu Sijaona, akirekebisha mtandio wake wa kijani.

Alikuwa mtafiti, mzaliwa wa Mkunya, huko Newala. Alinakili majina kutoka madaftari ya zamani ya ndoa na mazishi, apate kujua koo za Masasi zilitokea wapi na lini: jina la Kiyao hapa, la Kimakua pale. Kijana huyo, muuza vitenge aliyeitwa Bwanali, aliomba namba yake. Kwa miezi mitatu alimpigia kila asubuhi kumuuliza leo amekutana na marehemu gani. Sijaona alicheka, mwisho akapenda. Wakaahidiana kuoana.

Kisha simu zikaacha kupokelewa.

Siku ya nne Bwanali alipanda hadi Newala, nyumbani kwa Sijaona, akiamini yuko mwanamume mwingine. Ilikuwa saa nne asubuhi na ukungu ulikuwa bado umeufunika mji, maua ya mikorosho yakinukia ndani yake. Sijaona hakumkaribisha ndani. Alimfungulia daftari barazani.

Mwaka 1921, Bwanali wa ukoo wa huyu muuza vitenge alimwoa mwanamke aitwaye Sijaona. Mwaka 1948, Bwanali mwingine, Sijaona mwingine. Mwaka 1976, tena. Kila bibi harusi alizikwa kabla ya kutimiza siku arobaini za ndoa.

"Sikukuacha, mpenzi," alisema. "Naogopa."

Bwanali alimpigia bibi yake aliyemlea kule Lisekese, wote wawili wakasikiliza. Bibi alieleza kwamba Sijaona halisi alikuwa yule wa kwanza tu, Myao. Wale wengine walikuwa na majina yao. Ukoo uliwapa lake siku ya ndoa ili asisahaulike, lakini marehemu mwenyewe hakuridhia wengine walibebe, akawaondoa.

"Na huyu wako kapewa lini?" bibi aliuliza.

"Hatukumpa, bibi. Kazaliwa nalo."

Kisha bibi akaomba kuzungumza naye.

Sijaona aliishika simu kwa mikono miwili. Kabla hajafungua kinywa, ajuza yule wa miaka tisini alimtangulia, kwa sauti nyembamba ya mtoto aliye mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo, mama."

Sijaona alimshika Bwanali mkono. Alikusudia kukataa salamu ile. Kilichomtoka, kwa lafudhi ya Kiyao ambayo hakuwahi kuwa nayo, ni:

"Marahaba, mwanangu. Leteni posa."