Nyuki Waliochukia Pikapu

Watu wa nyumba hii huhama mara nne kwa mwaka, lakini vitanda vyao havitoki mahali. Kinachohama ni mizinga ishirini ya nyuki. Alizeti zikichanua, mizinga inapelekwa kwenye alizeti. Zikikauka, inapelekwa kwingine.

Majirani humwita baba wa nyumba Bwana Nyuki. Jioni, nyuki wote wakiwa ndani, mkewe huziba milango ya mizinga kwa wavu. Alfajiri wanapakia kumi kwenye tela lao la magurudumu mawili na kuondoka.

Kwa miaka sita tela lilivutwa na gari dogo, la chini kama bata. Gari lilipochoka, wakanunua pikapu iliyotumika. Ilikuwa imeinuka, yenye nguvu, na nyuma ilikuja na tufe lake la chuma la kuvutia tela. Bwana Nyuki alikalisha kichwa cha tela juu ya tufe. Kikanasa.

"Kimeingia," alisema. "Kazi imekwisha."

Safari ya kwanza, nyuki walifika wamevimba kwa hasira. Wavu ulipotolewa tu, wakamwagika. Kibarua mmoja aliumwa kwenye kope, jicho likafungika. Mwenye shamba alikuja mbio.

"Zamani mlikuwa mnaleta nyuki wapole," alisema. "Hawa mmewatukana njiani?"

"Ugeni tu, mzee."

"Ugeni gani, baada ya miaka sita? Bado mizinga kumi. Kesho kutwa ikija na matata haya, rudini nayo. Na hii kumi mtaiondoa."

Alizeti huchanua wiki chache tu. Wakifukuzwa pale, nyuki hawana pa kula, na nyumba haina asali.

Nyumbani, Bwana Nyuki alizunguka pikapu mara mbili, akainusa.

"Ni dizeli. Nyuki hawapendi dizeli."

"Ya dizeli siyajui," mkewe alisema. "Najua nilishikilia mlango njia nzima. Tela lilikuwa linatikisa mkia. Pale mteremkoni likatuvuta pembeni."

"Upepo huo."

"Upepo gani, mume wangu, hata majani yalikuwa yamelala?"

Dada yake Bwana Nyuki, fundi wa kujenga, aliingia uani kurudisha ngazi. Ni mdogo wake wa mwisho, lakini mdomo wake ni wa kwanza. Alisikia habari ya dizeli, akacheka mpaka akaketi kwenye ngazi.

"Kaka, umenusa gari? Wifi, umemwachia anuse gari?"

"Nilijua atachoka," mkewe alijibu.

Fundi alitoa pima maji kwenye mfuko wake wa kazi, akaiweka juu ya tela. Ndani ya kichupa chake povu dogo lilikimbilia mbele, likaganda huko.

"Povu likikaa katikati, kitu kimelala sawa," alisema. "Hili limekwenda mbele. Pua ya tela iko juu, mkia chini. Ungekuwa ukuta wangu, ningeubomoa."

"Tela si ukuta, mdogo wangu."

"Ndiyo maana ukuta hauyumbi. Pua ikiinuka hivi, uzito unarudi nyuma. Tela linacheza, nyuma ya pikapu inanyanyuliwa, magurudumu yake ya nyuma hayashiki barabara. Nyuki wako wametikiswa safari nzima, kwa nini wasikasirike? Leo wamekasirika wao. Siku nyingine mnaviringika wote."

Bwana Nyuki aliokota jiwe. "Basi niweke mawe mbele, yakandamize."

"Na mizinga utaibeba kichwani? Shusha tufe."

Walifungua tela kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Walitanguliza mawe chini ya magurudumu, lisije likatembea. Wakainua na kushusha mguu wa mbele wa tela mpaka povu likatulia katikati. Fundi akapima kutoka chini mpaka ndani ya kichwa cha tela, pale tufe linapogusa. Sentimita arobaini na tatu. Akapima tufe la pikapu, kutoka chini mpaka utosini. Hamsini na nane.

"Vimepishana kumi na tano," alisema. "Hapo ndipo dizeli yako ilipo."

Mke wa Bwana Nyuki alikuwa amepiga magoti nyuma ya pikapu. Tufe lilifungwa kwenye mkono wa chuma, na mkono ule ulipinda kwenda juu. Mwenye gari wa kwanza alivuta tela lililoinuka zaidi.

"Wifi," aliita. "Tukiugeuza huu, si utapinda kwenda chini?"

Fundi aliinama, akatazama. "Kaka, nani kati yenu ananusa magari?"

Walichomoa pini iliyoushikilia mkono kwenye pikapu, wakautoa. Wakafungua tufe, wakageuza mkono juu chini, wakalifunga tena tufe likitazama juu. Bwana Nyuki alikaza nati kwa spana ndefu mpaka ikagoma. Pini ikarudi na kifungo chake. Wakapima: arobaini na tatu.

"Mkishapakia, pikapu itainama kidogo," Fundi alisema. "Pimeni tena na mzigo. Mizinga iliyo mizito zaidi kidogo ikae mbele ya magurudumu ya tela. Minyororo ya usalama ipishane chini ya kichwa cha tela. Na jaribuni taa."

Kesho kutwa ilipofika, alfajiri walipakia kumi iliyobaki. Mkewe aliweka pima maji aliyoiazima. Povu lilikaa katikati. Mteremkoni Bwana Nyuki alipunguza mwendo, akatazama kioo. Tela lilifuata nyuma kama mtoto aliyeshikwa mkono.

Mwenye shamba aliwangoja mbali, koti limefunika kichwa. Wavu ulitolewa. Akatoka nyuki mmoja, kisha watatu, kisha kundi. Walizunguka mzinga, wakaenda kwenye maua.

Mwenye shamba alishusha koti. "Leo hamkuwatukana."

"Leo tumewabeba vizuri," mkewe alisema.

Jioni Fundi alikuja kudai pima maji yake. Ilikuwa ndani ya pikapu, imefungwa kwa kamba nyuma ya kiti cha mke wa Bwana Nyuki.

"Utaipata alizeti zikikauka, wifi," mkewe alimwambia. "Tukishamaliza kuhama. Nyumba unayojenga inaweza kungoja. Haina mbawa."