Mkono Ulioshika Simu

"Simu inatikisika!"

"Haitikisiki, mume wangu."

"Nakuambia inatikisika. Mimi ndiye ninayeiona kutoka hapa."

"Na mimi ndiye niliyeishika."

Kicheko kidogo kikapita sebuleni, kikafa upesi kilipomwona mwenye nyumba amekunja uso. Alikuwa makamu mkuu wa shule na mwalimu wa nidhamu, na wanafunzi walikuwa wamempachika jina la Kengele, kwa kuwa sauti yake ilipolia hakuna aliyesubiri ilie tena. Mkewe alikuwa mkunga katika kituo cha afya. Alikuwa amewapokea watoto wengi wa mtaa ule hata watu wakasahau jina lake, wakabaki kumwita Mkunga, naye akaitika.

Kengele alikitaka kiti cha mkuu wa shule, na kiti kile hakikaliwi bila stashahada ya uongozi. Akajiandikisha katika chuo kinachofundisha kwa masafa: vitabu vikaja kwa mtandao, mhadhiri akaja kwa simu. Masomo yote aliyamaliza kama mtu anywaye maji, likabaki moja tu, somo la kuhutubia hadhira. Kanuni zake zilikuwa ngumu. Mwanafunzi ajirekodi mbele ya watu wazima wasiopungua watano. Kamera ianze kwa kuonyesha nyuso za wasikilizaji, kisha imgeukie msemaji. Na rekodi isikatwe hata mahali pamoja.

Ndiyo maana siku ile kochi lilikuwa limejaa: kinyozi wa jirani na mkewe, mpishi wa shule, mzee mmoja mstaafu wa posta, na shemeji yake Kengele, dada mkubwa wa Mkunga, mwanamke asiyemwogopa mtu yeyote mwenye ndevu.

"Nyuso nimeshazionyesha," Mkunga alisema kwa upole. "Ila ungesogea kushoto kidogo. Dirisha liko nyuma yako, uso wako hauonekani vizuri."

"Nani mwanafunzi hapa, mimi au wewe?"

"Wewe."

"Basi kazi yako ni kushika simu. Kufikiri niachie mimi. Leo nahitaji mshika simu, sihitaji mhadhiri wa pili."

Kinyozi akaanza kuzikagua kucha zake. Mzee wa posta akakohoa kikohozi kisichokuwapo.

"Shemeji," dada mtu akasema, "hayo maneno ungeyameza yangekushibisha."

"Dada, acha," Mkunga akamwambia. "Anza, mume wangu. Tunakusikiliza."

Kengele akanyoosha tai, akaanza: "Ndugu wasikilizaji, kiongozi bora si yule anayejua kusema. Ni yule anayejua kusikiliza."

Alihutubia kama mtu aliyezaliwa jukwaani. Katikati maneno yalimponyoka kidogo, lakini yakarudi, akaendelea hadi mwisho. Watu wakapiga makofi, akaipokea simu na kuituma rekodi papo hapo bila kuitazama. Alikulia bwenini, na kule walifundishwa kwamba kazi iliyofanywa sawasawa haihitaji kuangaliwa mara mbili.

Wageni walipoondoka, Mkunga akakaa ukingoni mwa kochi.

"Kuna jambo nataka tuzungumze. La kazini kwangu."

"Baadaye."

"Juzi pia ulisema baadaye."

"Basi ya leo iungane na ya juzi, zisafiri pamoja."

Aliuona ule kuwa mzaha mzuri. Akaucheka peke yake.

Kesho yake alirudi kutoka shuleni akakuta nyumba imefagiwa, haina mtu. Simu ikalia. Ujumbe:

"Niko kwa dada. Chakula kipo jikoni, ufunguo wa stoo uko pale pale. Sina hasira. Nimechoka tu."

Akaandika aya nzima, akaifuta. Akaandika nyingine, akaifuta. Mwishowe akatuma neno moja: "Sawa." Moyoni akasema, atarudi. Mwanamume haombi mara mbili kilicho chake. Lakini wiki ikapita, na Kengele akagundua kwamba ndani ya nyumba ile alikuwa hajui hata chumvi inakaa wapi.

Siku aliyokuwa akijiandaa kwa hotuba ya mwisho ya somo lile, mhadhiri akampigia. Alikuwa mama mtu mzima, msemaji wa taratibu, kila neno lake limepimwa kabla ya kutoka.

"Mwalimu, nimeiona hotuba yako kuhusu kusikiliza."

"Natumaini imekuridhisha, Mama."

"Sauti nzuri, mpangilio mzuri. Nani alikushikia simu?"

"Mke wangu." Akaongeza haraka, "Niwie radhi kama picha ilitikisika. Nilimwonya."

"Nilisikia ulivyomwonya."

Kengele akaweka kalamu chini.

"Ulisikia?"

"Kanuni ni kuanza na nyuso za wasikilizaji, na yeye aliifuata. Alikuwa ameshawasha. Mwalimu, hebu niambie ukweli. Umeitazama rekodi yako?"

"Mimi si mtu wa kurudia kazi, Mama."

"Basi rudia hii. Itazame yote, kisha unitumie hotuba ya mwisho kabla ya kesho adhuhuri. Jambo moja tu nakuambia mapema: katika darasa zima, hakuna mwanafunzi mwenye picha iliyotulia kama yako."

Akajifungia chumbani, akaifungua.

Alimwona kwanza mke wa kinyozi, kisha mpishi, kisha shemeji yake. Halafu akajisikia mwenyewe. *Kufikiri niachie mimi.* Sauti ile aliifahamu. Ndiyo aliyoitumia kwa mtoto aliyevunja dirisha. Alitazama ukingo wa picha, akisubiri utikisike. Haukutikisika. Mke anatukanwa mbele ya wageni, na mkono wake umetulia tuli, kama mkono unaopokea kichwa cha mtoto.

Lakini simu husikia kwanza kilicho karibu nayo. Hotuba yake ilisikika kwa mbali, nyembamba, kama redio ya jirani. Kilichosikika karibu ni pumzi ya Mkunga. Alivuta, akaibana, akaiachia kidogo kidogo. Alimeza kitu. Alimeza tena. Kengele aliyesimama dirishani akitangaza kwamba kiongozi bora ni yule anayejua kusikiliza hakujua kwamba mbele yake mtu analia bila kutoa sauti.

Kisha ikafika pale maneno yalipomponyoka. Siku zote aliamini yalirudi yenyewe. Sasa akasikia mnong'ono, mzito kwa machozi, ukitoka nyuma ya kamera: "Masikio mawili..."

Na Kengele wa kwenye picha akadakia kwa fahari: "Masikio mawili tumepewa, na mdomo mmoja!"

Mkewe alikuwa ameikariri hotuba yake yote. Alimbeba, naye akadhani anatembea.

Kesho yake asubuhi hadhira ikafika, imevaa vizuri. Mpishi akajitolea kushika simu. Kengele akasimama mbele yao, akanyoosha tai, kisha akailegeza.

"Mwalimu, nimewasha," mpishi akamnong'oneza.

"Zima."

"Hujaanza bado."

"Zima, ndugu yangu. Nisameheni nyote kwa usumbufu. Rudini nyumbani."

Kinyozi akamtazama kwa huruma. "Na ule ukuu wa shule?"

"Una watu wengi wanaoutaka."

Adhuhuri ikapita. Alipopiga moyo konde na kumpigia mkewe, simu ilipokelewa na dada mtu.

"Haloo! Leo Kengele imelia yenyewe, au kuna aliyeigonga?"

"Shemeji, naomba kuzungumza na mke wangu."

"Naomba! Neno hilo umelikopa wapi?"

"Naomba, shemeji."

Sauti ya upande wa pili ikashuka. "Njoo. Simu hazikufai."

Alipofika alikuta sanduku limesimama karibu na mlango, limefungwa kamba. Mkunga alikuwa mezani, akikunja sare zake nyeupe. Kengele akatazama sanduku, akatazama sare, akasimama kama wanafunzi wake walivyosimama mbele yake.

"Karibu ukae," Mkunga akasema.

"Ndugu zangu, nimekuja hapa leo..."

"Shemeji!" dada akamkata. "Hapa hakuna kamera. Au umekuja kwa kuwa hotuba ya mwisho imekosa wa kushika simu?"

"Muda wa hotuba ya mwisho umepita leo adhuhuri."

Mkunga akainua macho kwa mara ya kwanza. "Hukutuma?"

"Sikutuma."

"Baada ya miaka yote hii ya kusoma? Kwa nini?"

"Nilitazama ile rekodi." Akakaa, akaitazama mikono yake. "Hotuba sikuisikia. Nilikusikia wewe."

Dada mtu akainuka na kwenda kusimama dirishani.

"Nilijua simu inanisikia," Mkunga alisema polepole. "Nikajua pia kwamba rekodi haikatwi. Ningeizima, kazi yako ingeharibika. Nikasema, mkono wangu usitikisike tu. Mengine atayasikia akitaka."

"Nilikudharau ndani ya nyumba yako."

"Ndiyo."

Alitarajia mkewe angesema si kitu. Hakusema. Neno lile moja likakaa katikati yao kama mgeni asiyetaka kuondoka.

"Na hilo sanduku?"

"Chuo cha wakunga kimeniita nikafundishe. Mwaka mmoja. Ni mbali, siwezi kwenda na kurudi. Naondoka Jumatatu."

"Mwaka mmoja! Na hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Nilianza siku barua ilipokuja, ukaniambia baadaye. Nikaanza tena, ukasema ziunganike zisafiri pamoja." Akaikunja sare ya mwisho. "Zimesafiri, mume wangu. Ungesema nisiende, ningekaa. Ungesema niende, ningekwenda nikifurahi. Nilichotaka ni tuamue wawili. Nimeamua peke yangu, na imeniuma kuamua peke yangu."

Kengele akafungua mdomo. Majibu aliyokuwa nayo yalikuwa mengi, yote mazuri, yote yamepangwa. Akaufunga. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuona jinsi kunyamaza kunavyotoa jasho.

"Unataka niseme nini?" akauliza mwishowe.

"Usiseme." Mkunga akaichukua simu yake mezani, akampa. "Nikizungumza nawe ana kwa ana, unanijibu kabla sijamaliza. Nishikie hii. Nitasema niliyo nayo, nawe ubaki na rekodi yake mwaka mzima. Ukitaka kunikatiza, utaikatiza simu."

"Ianze na nyuso za wasikilizaji!" dada akasema kutoka dirishani, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kanuni ni watu watano. Niko peke yangu, lakini makofi nitapiga ya watano."

Kengele akawasha. Akamwonyesha shemeji yake, kisha akageuza simu taratibu hadi ilipompata mkewe. Akasogea hatua moja kushoto, dirisha lisimtie giza. Lilikuwa jambo dogo, lakini Mkunga aliliona.

"Mume wangu," Mkunga akaanza. "Nitarudi. Nalitanguliza hilo, maana mtu mwenye hofu hasikii. Hata kina mama wangu kule kituoni mimi huwaambia kwanza kwamba watapona, ndipo nawaambia yatakayouma. Sasa nitakuambia yatakayouma."

Akaiangalia simu.

"Simu inatikisika," akasema.

Mwanamume yule, aliyekuwa na jibu kwa kila jambo, aliutazama mkono wake. Aliushika kwa mkono wa pili. Haikusaidia.

"Inatikisika," akakubali. "Endelea, mke wangu. Nasikiliza."