Inhela Chini ya Godoro

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Adhis aliteka maji kwenye kioski cha mtaa wao wa Mashimoni, akafagia chumba, kisha akamwamsha mama yake. Kulikuwa na kazi moja zaidi ambayo hakuna jirani aliyeijua. Alichomoa inhela chini ya godoro, akampa mama avute dawa, naye akasimama mlangoni kuangalia kama kuna mtu anayekuja.

Mama yake, Risper, alikuwa na pumu ya miaka mingi. Mwaka uliopita aliombewa katika kanisa lao kule Kawangware, akapumua vizuri wiki nzima, akashika maikrofoni na kushuhudia kwamba amepona. Waumini walipiga makofi hadi viganja vikauma. Pumu iliporudi, aliona haya kusema. Alimwapisha Adhis kwamba hiyo ni siri yao wawili. Siri ya namna hiyo ni rahisi kuiapia, lakini kuibeba ni kazi ya punda.

Jumatano moja Risper alikuwa akikaanga samaki wa kuuza kibandani mwake, moshi ukamzidi. Adhis alipokuja kula chakula cha mchana alimkuta chini, anahema, midomo imebadilika rangi. Alikimbia nyumbani kuchukua inhela, lakini mama hakuwa na nguvu hata ya kuivuta, naye akaificha mfukoni aliposikia watu wakija. Mama Becky, jirani na muumini mwenzao, aliita gari wakampeleka hospitalini.

Kufikia saa tisa, Risper alikuwa amelala bila fahamu, bomba kooni, mashine ikimpumulia. Mashine hiyo ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Daktari Khamala, mwanamke asiyependa maneno mengi, aliwaeleza kwamba hewa ilikuwa ikiingia lakini haitoki yote. Ilikuwa ikirundikana, na mapafu yangeweza kupasuka.

"Ana pumu?" akauliza.

"Hapana, daktari," Mama Becky akajibu. "Alikuwa nayo akapona. Mimi mwenyewe nilikuwa hapo akishuhudia."

Daktari akasita. Kama si pumu, alisema, huenda mwiba wa samaki umekwama kwenye njia ya hewa. Akaagiza vifaa vya kumchunguza. Adhis aliishika inhela mfukoni mwa sweta. Akisema, mama ataaibika mbele ya kanisa zima. Asiposema, huenda hakutakuwa na mama wa kuaibika. Mashine ikalia tena.

"Daktari, mama hajapona," akasema, akaitoa inhela. "Anatumia hii kila siku. Aliniambia nisiambie mtu."

Khamala hakumgombeza. Alitenganisha mashine na bomba la kooni, na hewa iliyorundikana ikatoka polepole, kwa muda mrefu. Kisha akabadilisha mipangilio: pumzi ishirini kwa dakika zikawa kumi, kila pumzi ikapunguzwa, na muda wa kutoa hewa ukaongezwa. Wauguzi wakampa dawa ya kufungua njia za hewa. Adhis alisubiri mlio mwingine. Haukuja.

Mama Becky akamfunika Adhis mabegani kwa leso yake.

Ijumaa bomba lilitolewa. Sauti ya Risper ilikuwa ikikwaruza, lakini swali lake la kwanza lilisikika vizuri: nani alisema?

"Ni mimi, mama," Adhis akajibu, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe."

Daktari Khamala, aliyekuwa akimpima, alisema kwamba mashine hiyo haijui mgonjwa anaugua nini. Huwekwa kulingana na habari ambazo daktari anapewa, na habari za uongo zingemuumiza Risper kwa kifaa kilekile kilichokuja kumwokoa.

Risper aliushika mkono wa bintiye.

"Wewe hujakosa, nyathina, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza. Mtu akikuuliza jambo la uhai, sema ukweli, hata kama aliyekukataza ni mimi. Aibu ni yangu, nitaibeba. Lakini nitaibeba nikiwa hai."